Kibuyu cha Kupumzisha Pua

Bwizibwera, Jumapili tarehe 12 Februari 2006

Shangazi wangu Kantengwa,

Amani ikae nanyi hapo Kabazana, kambini Nakivale, ndani ya ile nyumba ambayo najua bado inavuja upande wa kitanda. Mimi ni mzima, miguu tu inavimba jioni. Kikohozi chako je? Na jirani, amerudisha ile sufuria? Namahoro umbusu nyuma ya sikio la kushoto, pale penye alama ndogo kama tone la chai. Umwambie ni mama amesema. Hata akicheka tu, umwambie. Mwaka mmoja na miezi miwili, mtoto anajua kusikiliza.

Habari za baba yake usiniulize. Tangu avuke Kikagate kutafuta kazi Tanzania, kimya mnachokisikia huko ndicho ninachokisikia huku.

Sasa kazi. Nimepata, Shangazi, ninamshukuru Mungu, lakini utacheka. Kazi yangu ni kunusa. Hapa kuna kituo cha maziwa, nyumba ndefu ya bati kando ya barabara ya Ibanda. Asubuhi wanaume wanafika na baiskeli, kila baiskeli imefungwa mitungi ya chuma yenye maziwa kutoka kwa wafugaji. Mimi nafungua kifuniko, nainama, naingiza pua. Maziwa mazuri nasema "ndiyo", yanaingia katika tangi kubwa la baridi. Yaliyoanza kuchacha nasema "hapana". Siku nzima maneno yangu ni hayo mawili. Mtungi mmoja mbaya ukipita unaharibu tangi zima, kwa hiyo wenye baiskeli wananiangalia usoni kama watu wanaosubiri hukumu.

Mkubwa wetu anaitwa Conrad. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi, nikasema darasa la sita, akaangalia pembeni. Nikamwambia baba yangu alikuwa na ng'ombe milimani kwetu Kivu kabla ya vita, na kwamba nyumbani mimi ndiye nilikuwa najua kwa pua ng'ombe gani amelishwa fasi gani, bondeni au mlimani. Akaleta vikombe vitano vya maziwa, vingine vizuri, vingine vimelala vikaanza kuchacha. Sikukosa hata kimoja.

Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili nilitapika, sitakuficha. Mtungi wa kwanza unanuka ng'ombe na umande. Wa thelathini unanuka jasho la mtu. Chini ya mpira wa kifuniko kuna utelezi wa manjano unaoshika kidole kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Na huko nyuma kuna mfereji. Maziwa niliyoyakataa yanamwagwa humo, yanaganda, yanatoa mapovu, funza wanatembea juu yake mpaka hujui maziwa yanaishia wapi na funza wanaanzia wapi. Watu wanayakanyaga, Shangazi. Wanakanyaga maziwa na buti za mpira huku wanaongea habari za harusi. Unakumbuka nyumbani, tone likianguka chini baba alikuwa anachuma majani na kulifunika, kama mtu anayefunika uso wa maiti? Hapa ningehitaji kuchuma mlima mzima.

Ikifika saa sita pua imekufa na kichwa kimejaa. Nainama juu ya mtungi na sijui tena ninanusa maziwa au ninanusa mkono wangu. Nywele zangu zinanuka, mto wangu unanuka. Chai nakunywa nyeusi. Mimi, mtoto wa ng'ombe.

Lakini sikia kizuri. Conrad amesema nikimaliza miezi mitatu bila kupitisha mtungi mbaya, atanipa chumba cha nyuma ya stoo, chenye mlango wake, na humo nitaruhusiwa kulala na mtoto. Mwenye nyumba ninapopanga sasa hataki kusikia kilio cha mtoto. Miezi mitatu, mpaka katikati ya mwezi wa tano. Basi nisaidie. Wewe umeuzia chai watu wanaokutukana miaka hii yote na sijakuona ukirusha kikombe. Unapumzisha kichwa namna gani, na huwezi kuondoka kwenye kazi?

Barua anakuletea Constantin, mwalimu wa kwaya, amekuja Mbarara kutibiwa macho.

Mtoto wako,
Ikirezi


Kabazana, Nakivale, tarehe 5 Machi 2006

Ikirezi, binti ya kaka yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja kwa sauti. Namahoro alishika karatasi akailamba. Labda ilikuwa na harufu yako, labda ni ujinga wa utoto. Sufuria haijarudi na haitarudi, nimeiona kwa macho yangu ikipika maharage kwa watu wengine. Kikohozi changu ni kile kile, tumezoeana. Kanisani tumeanza kukusanya mabati, tumepata matatu.

Unasema unapata chakula kwa kunusa. Marehemu kaka yangu angecheka mpaka akae chini.

Umeniuliza kichwa kinapumzishwa namna gani. Mwanangu, mimi sina elimu hiyo, nina ujanja tu. Mteja akinitukana sijibu. Naenda nyuma ya kibanda naosha mikono, lakini siyo kama mtu anayeosha uchafu. Naosha polepole mpaka kwenye viwiko, kila kidole peke yake, kama namwosha mtoto wa mtu mwingine. Nikifika kwenye kiwiko cha pili, lile tusi limebaki kwenye beseni. Siku nyingine mikono haitoshi, basi naimba wimbo wa kanisa bila kufungua mdomo, ubeti mmoja tu, na mteja anadhani ninamfurahia. Na kuna siku ambazo hakuna kinachosaidia. Siku hizo nachochea moto tu.

Lakini shida yako ni pua, na pua haidanganywi kwa wimbo. Usigombane nayo. Ipe kitu inachokipenda. Nakutumia kibuyu kidogo, kile cha mama yangu chenye kifuniko cha ukindu. Nimekifukiza kwa moshi wa zile nyasi za wazee kama tulivyofundishwa, siku tatu mfululizo, mpaka ndani pamekuwa peusi na patamu. Kati ya mtungi na mtungi kifungue, uvute pumzi moja, ufunge. Utakuwa nyumbani, halafu utarudi kazini.

Chai inaenda vizuri siku hizi. Kuna kijana, Musoni, analeta maziwa kwa pikipiki kutoka huko juu kwenu, na bei yake haimuumizi mtu. Namahoro namwekea yake pembeni kwenye kibuyu kilichofukizwa, namnywesha bila kuchemsha, kama nilivyokunywesha wewe. Anayapenda mno. Analala sana siku hizi, mtoto mtulivu. Uzito wake usiniulize, mizani ya zahanati imeharibika.

Kitambaa nilichofungia kibuyu ni cha Namahoro, sijakifua.

Shangazi yako,
Kantengwa


Bwizibwera, tarehe 26 Machi 2006

Shangazi mpenzi,

Salamu nyingi kama nzi wa hapa kwetu, lakini safi. Nashukuru kusikia habari za mabati. Huku mvua imeanza, na ya mfereji nitakueleza.

Kibuyu kimefika. Kitambaa nililala nacho usoni siku nne mpaka kikaanza kunuka mimi, basi nikakifua nikilia kidogo, siyo sana. Lakini kibuyu! Siku ya kwanza niliposikia kichwa kinajaa nilikifungua, nikavuta, na Shangazi, nilimwona bibi. Nilimwona kabisa, anageuza kibuyu juu ya moshi na kope zake zimeungua. Ile harufu mbaya yote ikasimama mlangoni kama mbwa aliyekatazwa kuingia. Nikanusa mitungi kumi bila kizunguzungu.

Mwenzangu Kyomuhendo, anayeosha mitungi, alinicheka. Alisema navuta kibuyu kama mzee mwenye kiko. Yeye ana njia yake. Kichwa kikimjaa anatoka, anasimama na mikono kiunoni, anaangalia barabara ya Ibanda mpaka magari matatu yapite, halafu anarudi. Siku isiyo na magari anachelewa, Conrad anapiga kelele, naye anasema kosa ni la serikali kwa kutojaza barabara. Juzi nilimkuta stoo amefungua kibuyu changu, amefumba macho. Sasa wanaume wa baiskeli nao wanaomba. Wanapanga mstari, pumzi moja kila mtu, wanaondoka wameinamisha vichwa kama watu waliotoka kwenye maombi. Mmoja alimwambia mwenzake avute haraka, siyo kunyonya ziwa la mama yake.

Conrad alisema, "Hii sio hospitali." Halafu akaomba na yeye.

Sasa ya mfereji. Tangu mwisho wa Februari maziwa niliyoyakataa hayamwagwi. Anakuja mtu anaitwa Faizo, ana pikipiki na madumu ya plastiki ya buluu. Vifuniko vimepotea, ameziba midomo kwa plastiki na kufunga vipande vya gauni la zamani alilopewa na Kyomuhendo, jekundu lenye ndege weupe. Anamimina humo kila kilichooza, na funza wake wakiwemo, anatupa konzi la soda ya kupikia mandazi, anatikisa, anaondoka. Conrad anasema ni ya nguruwe. Nikanusa dumu moja likiwa tupu. Sitaki kukuandikia. Nilisema moyoni, maskini nguruwe, hata wao wameumbwa na Mungu. Lakini nafurahi kwamba mvua imeosha mfereji kidogo na watu hawakanyagi tena.

Sijakosea mtungi hata mmoja. Kyomuhendo amenionyesha kile chumba. Kina dirisha. Nimepima kwa hatua fasi ya kitanda na fasi ya mtoto kuchezea.

Kwa nini umesema habari ya mizani, na mimi sikuuliza?

Ikirezi wako


Kabazana, tarehe 18 Aprili 2006

Mwanangu Ikirezi,

Pasaka imepita salama. Kwaya iliimba, Constantin alipotea katikati ya wimbo kwa sababu ya macho, sisi wote tukapotea naye kwa heshima. Mabati yamefika matano. Barua hii sijui itakufikia lini, macho yake yamefungwa tena na daktari amemwambia asisafiri.

Umeuliza juu ya mizani. Mizani ni mizani. Wazee wetu walipima mtoto kwa mikono.

Usije kumchukua kabla ya muda. Barabara ni tope tupu. Na usiache kazi kwa ajili ya hamu tu. Namahoro anakusalimia. Ameanza kuita, lakini sijui anamwita nani. Nimemshonea mwanasesere. Musoni anafunga madumu yake ya buluu kwa vitambaa, nikamwomba kimoja, kitambaa chekundu chenye ndege weupe, kizuri kweli. Nimekifua mara nne maana kilikuwa kinanuka kama kidonda. Na dumu lenyewe likiwa tupu nikiinama naona kichefuchefu. Lakini maziwa yake kwenye moto hayakatiki, na yakilala ndani ya kibuyu kilichofukizwa yanaamka matamu, husikii kitu isipokuwa moshi. Nyasi za wazee zinashinda yote.

Halali vizuri, ananishika nguo. Lakini mtoto gani analala vizuri wakati wa mvua?

Unapokuwa umechoka kazini osha mikono mpaka viwiko. Mimi siku hizi naosha mara nyingi sana.

Kantengwa


Bwizibwera, tarehe 7 Mei 2006

Shangazi,

Nisamehe, leo salamu ni fupi. Kabla hujasoma mstari mwingine, nenda umwage maziwa yote yaliyomo nyumbani. Usimpe Namahoro hata tone. Nenda, halafu urudi usome.

Sasa nisikilize, nitaeleza kwa mpangilio.

Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri, baiskeli zikachelewa, halafu zikafika zote pamoja. Mitungi zaidi ya sitini, na wanaume wanasukumana, na kichwa changu kimejaa mapema. Nikavuta kibuyu mara nyingi. Siyo kati ya mtungi na mtungi tena, nilikuwa nimekiweka chini ya kidevu kabisa. Nilikuwa na furaha, Shangazi. Nilikuwa milimani. Kila mtungi ulinukia nyumbani nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Jioni Kyomuhendo alifungua tangi akarudi nyuma ameziba mdomo. Tangi zima limechacha. Juu yake ilikuwa imepanda ngozi, na chini ya ngozi kitu kinasogea polepole kama tumbo la mtu anayelala. Nilinusa na bado sikusikia kitu isipokuwa moshi. Ilibidi nikaoshe uso na kupenga kamasi hata mara tano, kamasi nyeusi, ndipo ile harufu ikaniingia, nikatapika kwenye buti zangu.

Ndipo nikaelewa. Kibuyu hakisafishi pua. Kinaifunga. Kinaweka nyumbani mbele ya kila kitu, na nyuma yake kitu kinaoza.

Nilidhani Conrad atanifukuza. Hakupiga hata kelele. Alinikalisha kwenye stoo, akachokonoa meno, akaniambia, "Ikirezi, sikia. Wewe umekosa, mimi siambii mutu. Sasa tuko pamoja. Chumba chukua, hata leo leta mutoto. Lakini nikisema hii ipite, inapita. Pua ni ya kwako, mudomo ni ya kwangu."

Shangazi, nilichukua ufunguo. Nakuambia kwa sababu nimechoka kuficha. Niliuchukua na nikafagia chumba, nikaondoa utando wa buibui kwenye dirisha.

Asubuhi Faizo akaja kuchukua lile tangi, alirudi mara tano na madumu yake. Nikamtania, nikasema nguruwe zako wiki hii zina sherehe. Akacheka mpaka akaegemea pikipiki.

"Nguruwe gani? Nguruwe ya Nakivale. Inakunywa na sukari, halafu inasema Mungu akubariki."

Alisema wazi hivyo, akinifungia dumu mbele ya uso. Hakujua natoka wapi, au alijua. Nikajiambia kambi ya Nakivale ni kubwa, vijiji vyake ni vingi, kwa Shangazi kuna kijana Musoni, siyo Faizo. Nikajiambia hivyo siku tatu. Nilikuwa naosha mikono mpaka viwiko, naangalia magari matatu, naimba bila mdomo. Kila njia mliyonifundisha niliitumia, na zote zilifanya kazi. Hicho ndicho kinachonichukiza kuliko funza. Nilitulia. Nilijituliza vizuri kabisa.

Jumamosi ndipo barua yako ya Pasaka ikafika, mke wa Constantin ameileta. Nikafika pale kwenye mwanasesere. Ndege weupe, wale wa gauni la Kyomuhendo: Musoni wako anabeba madumu ya Faizo.

Nilitoka nje. Madumu sita yalikuwa yamepangwa ukutani yakimsubiri Faizo. Nikafungua vitambaa, nikayaangusha moja baada ya jingine. Mimi, niliyelia kwa tone moja. Yalitoka kama usaha, kwanza maji ya kijani, halafu mabonge, na harufu ilinipanda mpaka kwenye meno. Dumu la tatu lilikuwa zito, nikasikia mkono mwingine upande wa pili. Kyomuhendo. Tulimwaga yote, halafu nikachuma majani kando ya barabara nikayafunika. Yeye akachuma pia, hajui kwa nini.

Conrad alitoka na kuangalia. Akasema maneno yenye hasira na mengine ya kubembeleza, kwamba nifikirie chumba, nifikirie mutoto, nipumzishe kichwa siku mbili kisha nirudi tuongee kama watu wazima. Nikamwambia lile neno ambalo alinilipa niliseme. Nikamwambia, "Hapana." Nikaweka ufunguo juu ya dumu tupu.

Shangazi, sasa na wewe. Mizani imefanya nini? Mwanangu anapima kilo ngapi? Niandikie hata kama ni mstari mmoja.

Ikirezi


Kabazana, tarehe 14 Mei 2006

Ikirezi mwanangu,

Namahoro yuko hai. Nimeanza na hilo.

Mizani haijaharibika. Ni mimi niliyeharibika, sikuweza kuiandika ile namba. Tumbo lilimshika tangu mwisho wa Februari. Mwanzoni nilisema ni meno. Halafu nikasema ni mvua. Kila alipoharisha nilimwongezea maziwa ili apate nguvu, kwa mkono wangu, kutoka kwenye kibuyu changu. Nilikuwa nafua vitambaa vyake na kuona ndani yake yale mabonge meupe, vile vile yalivyoingia, na bado nilisema nyasi za wazee zinashinda yote. Naona kinyaa kujiangalia mikono. Ndiyo maana nilikuwa naiosha.

Barua yako ilinikuta zahanati. Walikuwa wamemtundikia maji, sindano wameiweka kichwani, hapo juu ya sikio la kushoto, mishipa mingine ilikuwa imejificha. Nilikaa siku nne. Nesi alisema amezoea kuona watoto wa hivi tangu mwezi wa tatu, wa vijiji vyote. Leo amekunywa uji vikombe viwili akanipiga na kijiko. Nimelia kwa furaha ya kupigwa.

Mwanasesere nimemchoma moto. Atakuwa na mwingine.

Sikia ya Musoni. Alhamisi alikuja kama kawaida na madumu. Kibanda kilikuwa kimejaa, hata mzee Kabanda, mteja wangu wa siku zote, alikuwepo na kikombe chake. Nikachukua maziwa moja kwa moja kutoka dumuni, sikuyatia kwenye kibuyu, nikajaza kikombe nikampa kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima.

"Kunywa wewe kwanza, mwanangu."

Akasema ameshiba. Nikamwambia ni kidogo tu. Akasema maziwa yanamsumbua. Nikabaki nimeshika kile kikombe mbele yake, na yeye anaangalia ndani yake kama mtu anayeangalia kaburi. Mzee Kabanda akainuka, akamwaga chai yake nje, akachuma majani akafunika. Wengine wakafuata. Musoni aliwasha pikipiki akaacha madumu mawili.

Lakini, mwanangu, kesho yake alionekana akiuza upande wa pili wa kambi. Bamama wa huko wanauliza, sasa tutajuaje? Wote tunafukiza vibuyu. Wote pua zetu zina nyumbani ndani yake.

Vibuyu vyangu nimevigeuza midomo chini juu ya paa. Sijavivunja. Siwezi.

Unisamehe ukiweza. Usipoweza, njoo tu.

Kantengwa


Bwizibwera, tarehe 21 Mei 2006

Shangazi,

Nakusalimu, na mtoto, na kijiko alichokupigia.

Nilisoma barua yako nimesimama nje kwa Kyomuhendo, maana yule mwenye nyumba amenitoa. Magari saba yalipita kabla sijaweza kuingia ndani. Sikukusamehe siku hiyo. Nilikuona unamwongezea, nikataka kukushika mkono na kuuma. Halafu nikakumbuka mimi nilifagia chumba. Tuko sawa, Shangazi. Tusipimane.

Ijumaa nakuja na gari la mabati ya kanisa, dereva amekubali nikae juu ya mzigo. Nimeumiza kichwa juu ya kazi na nimepata hii. Wale wanaume wa baiskeli hawajanisahau. Wawili wamesema wako tayari kuleta maziwa ya asubuhi mpaka Kabazana, kwa zamu, kama kuna mtu huko wa kuyapokea kwa haki. Mmoja aliniambia, "Ulikuwa unanikatalia kila wiki, lakini hukunikosea hata siku moja." Kuna siku moja nilimkosea, ile Jumanne, lakini sikumwambia.

Basi niwekee kigoda mbele ya kibanda, upande wa kivuli. Waambie bamama wa pande zote walete madumu yao hapo kabla ya kutia kwenye vibuyu, yawe ya Musoni au ya nani. Nitainama, nitasema. Sijui kama tutakula kwa kazi hiyo. Nafikiri tutakula. Maziwa yenyewe siwezi kuyanywa, labda hayatakuja kupita tena kooni kwangu, na mnusaji wa namna hiyo ndiye mzuri.

Vibuyu vishushe kutoka kwenye paa, visipasuke na jua. Vitarudi kazini baadaye, baada ya pua, siyo kabla. Kile cha bibi nakirudisha, nimekifunga vizuri. Pale kwenye kigoda usikiweke.

Mimi ninachotaka ni mtoto mgongoni kwako, karibu yangu. Kichwa kikijaa nitamgeukia, niiname nyuma ya sikio la kushoto, chini ya alama ya sindano, pale penye tone la chai. Nitavuta pumzi moja. Halafu nitageuka kwenye dumu la mtu na kusema ndiyo, au hapana.

Ikirezi